Naamini nyuso, siamini mpangilio

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Je, unaamini unachokiona kwenye vipindi vya maisha halisi, au tamthilia ina ukweli zaidi?" Mimi naamini nyuso za watu. Mpangilio, yaani namna picha zinavyokatwa na kuunganishwa, siuamini hata kidogo.

Mfano wangu ni Minne Kariuki, maana yeye amepita pande zote mbili. Mwaka 2022 alikuwa Mariah kwenye Single Kiasi, tamthilia ya Showmax, huduma ya kutazama vipindi mtandaoni kwa malipo, kuhusu marafiki watatu wa Nairobi na misukosuko yao ya mapenzi. Februari 2023 akarudi kwenye The Real Housewives of Nairobi, kipindi cha maisha halisi cha Showmax hiyo hiyo, safari hii kwa jina lake mwenyewe, pamoja na Susan Kaittany, Vera Sidika, Sonal Maherali na Lisa Christoffersen. Sehemu moja kila Alhamisi. Wifi yangu, ambaye hutazama nami, alimhukumu kabla hata hajafungua kinywa: "Huyu mwigizaji bwana, ataigiza tu." Nikamwambia, wifi, na hao wanne wengine je? Mtu akishajua kamera inamwangalia, hata salamu anaitoa kwa sauti ya wageni. Minne amewazidi wenzake uzoefu tu.

Lakini uso una dakika yake ambayo mwenyewe haitawali. Ni pale neno linapomchoma mtu kabla hajaamua acheke au ajibu. Sisi wa Pwani tumekulia kwenye shughuli za taarab, ambako mwanamke anainuka na noti kwenda kumtunza mwimbaji huku jicho liko kwa hasimu wake aliyekaa nyuma. Tunajua kutazama shingo, tunajua kutazama namna mtu anavyoirekebisha leso ambayo haikuwa imelegea. Kwa ladha yangu ugomvi wa Nairobi una kelele nyingi mno. Kijembe kizuri hakitaji jina, na anayelengwa hukipata akiwa peke yake kitandani usiku. Wale mabibi wanatajana mpaka majina ya ukoo! Hata hivyo, mezani, kabla kelele hazijaanza, zile nyuso zinasema kweli, na hapo ndipo naona thamani ya malipo yangu ya mwezi.

Mpangilio sasa. Tazama kile kiti ambacho kila mmoja hukaa peke yake, amejipamba, akitueleza alichohisi kwenye karamu tuliyoiona muda si mrefu. Anasema "ninahisi", "ninashangaa", kana kwamba karamu bado inaendelea. Ukweli ni kwamba mahojiano yale hurekodiwa baadaye, mengi kwa siku moja. Ndiyo maana gauni lile lile na nywele zile zile hurudi kwenye sehemu tofauti, mtu akizungumzia mambo yaliyopishana kwa wiki kadhaa. Alikwishajua mwisho wa ugomvi wakati anatuambia anashangaa ulivyoanza. Sikiliza pia sauti. Mtu akisema jambo zito halafu kamera ikawa inaonyesha mgongo wake, au chupa, au mwenzake anayekunywa, shuku. Inawezekana nusu ya sentensi ilitamkwa jikoni na nusu ya pili garini, mhariri wa picha akazishona. Hata lile jicho la dharau linaloonyeshwa mara tu baada ya tusi linaweza kuwa lilipigwa kwa mhudumu aliyechelewesha chakula.

Tamthilia haina hila hiyo. Tamthilia inadanganya peupe. Papa Shirandula, wa ile tamthilia ya vichekesho ya Kenya yenye jina lake, aliyeigizwa na marehemu Charles Bukeko, alikuwa bawabu aliyemficha mkewe Wilbroda kazi yake, na sisi tuliambiwa siri hiyo tangu mwanzo. Raha yote ilikuwa kujua asichokijua Wilbroda. Kwenye kipindi cha maisha halisi, Wilbroda ni sisi.

Mtasema mbona Big Brother Africa ilikuwa wazi. Naam, ile ya kwanza, mwaka 2003, iliweka watu 12 kutoka nchi 12 kwenye nyumba moja Johannesburg kwa siku 106, kamera zikiwaka usiku na mchana, mpaka Cherise Makubale wa Zambia akaondoka na dola 100,000. Mwenye king'amuzi aliweza kukaa nao hata wakiosha vyombo. Mwenye kutegemea muhtasari alipewa kilichochaguliwa. Ukiwakutanisha hao wawili, ungedhani walitazama nyumba tofauti, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo simpigii mtu kelele anayependa vipindi hivi, mimi mwenyewe nimo. Ninachotetea ni ile wiki ya kungoja kati ya sehemu moja na nyingine. Alhamisi usiku nilikuwa upande wa Susan, moto kabisa. Ijumaa saluni mtu aliuliza swali ambalo sikulifikiria: kabla ya lile jibu kali, aliambiwa nini? Hatukuonyeshwa. Kufika Jumapili nilikuwa nimeshalegea, na wifi, ambaye alikuwa upande wa pili, naye kalegea, tumebaki wote tunamlaumu mhariri wa picha ambaye hatumjui kwa sura wala kwa jina. Ningepewa sehemu zote kwa mpigo, ningeingia inayofuata na hasira zangu mbichi.

Mpwa wangu aliungojea msimu uishe ndipo akautazama wote mwishoni mwa juma, mfululizo, chakula mapajani. Akaja kwangu amekwishatoa hukumu: nani mwongo, nani mnafiki, nani alionewa. Hana shaka na lolote. Nikamuuliza kama aliona zile nguo za kitini zilivyokuwa zikijirudia. Akanitazama. "Shangazi, nguo gani tena?"