Muulize Daktari: Mkono wa mwanangu haupandi, tusubiri akue?

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu ana miaka 6. Miaka miwili iliyopita alimwagikiwa na maji ya ndizi tulizokuwa tunachemsha za mbege, akaungua kifuani mpaka kwapani. Kidonda kilipona ila kwapa limeshikana, mbele kuna kama kamba ya ngozi, mkono unaishia usawa wa bega, hata sweta la shule namvalisha mimi. Hospitali wamesema watamfanyia oparesheni, wachukue ngozi ya mgongoni waigeuzie kwapani. Bibi yake anasema tumwache akue kwanza, tuendelee kumsugua mafuta ya nazi, na mimi naogopa kumwongezea kovu mgongoni ambako hakuungua kabisa. Nifanyeje? (Mama wa Majengo, Moshi)

JIBU: Marahaba mama, poleni sana wewe na mtoto.

Nianze na hilo la kusubiri akue maana ndo linaniuma zaidi, kila mara nalisikia. Kovu halikui kama mtoto anavyokua. Mfupa unarefuka, msuli unarefuka, kovu lenyewe limebaki palepale linavuta, kwa hiyo mkono ambao leo unafika usawa wa bega mwakani unaweza usifike hapo, na kiungo kikikaa miaka kimekunjwa nacho kinakakamaa, oparesheni ambayo ingekuwa ndogo inakuwa kubwa. Kweli madaktari wengi wanapenda kovu likomae kwanza, mwaka hivi au zaidi, mpaka liache uwekundu na ugumu na kuwasha, ila wa kwako ameshapita huko. Na kuna sehemu hata huo mwaka hazisubiri, mfano kope isiyofunga, jicho linakauka, mtoto anaweza kupoteza kuona.

Mafuta ya nazi mwambie bibi asiache, yanalainisha na kupunguza muwasho, ila kamba iliyoshavuta kiungo mafuta hayaifungui.

Sasa hiyo ngozi ya mgongoni. Kuna njia mbili watu wanazichanganya. Moja ni kupandikiza, wanachuna ngozi nyembamba, mara nyingi pajani, wanaibandika palipokatwa kovu. Inafaa kwenye eneo kubwa ila ikishashika inanywea, na ikiwa nyembamba inanywea zaidi, kwenye kwapa la mtoto kovu linaweza kuanza kuvuta tena. Ya pili ndo hiyo mliyoambiwa, inaitwa flapu: ngozi inanyanyuliwa na mafuta yake ya chini bila kukatwa moja kwa moja, upande mmoja umebaki umeshikana na mwili ili damu iendelee kupita, halafu inageuzwa kuziba pengo. Ni kama kuhamisha chipukizi la mgomba na udongo wake, sio kuchomeka jani. Flapu hainywei sana, inabaki laini, na kwa mtoto itatanuka naye anavyokua, ndo maana kwa kwapa lake mimi naikubali.

Kamba ikiwa nyembamba na pembeni ngozi ni nzuri, wakati mwingine hata mgongoni hawafiki, wanachora herufi Z juu ya hiyo kamba, wanabadilishana zile pembetatu mbili na kamba inarefuka. Kwa pembe za digrii 60 hesabu inasema urefu unaongezeka asilimia 75, yaani sm 4 zinakuwa 7, ingawa kwenye mwili huwa ni pungufu. Muulize daktari wenu kama hiyo inatosha. Akisema haitoshi amini, kovu la kifuani pengine ni pana na ngozi nzima iliyobaki karibu ni ya mgongoni.

Na kovu la mgongoni litakuwepo, sikufichi. Mara nyingi linashonwa mstari mmoja, ila flapu ikiwa pana sana patahitaji kupandikizwa ngozi. Lakini mgongoni halifungi kiungo, na mtoto atainua mkono. Hatari nazo zipo: kutoka damu, kidonda kuingia wadudu, ncha ya flapu kukosa damu ikawa nyeusi, ndo maana siku za mwanzo masista watakuwa wanaangalia rangi yake mara kwa mara, ukiona inageuka waite hapohapo hata usiku.

Ila mama, oparesheni ni nusu tu. Akitoka pale mkono utawekwa gango ukiwa umenyanyuliwa, baadaye mazoezi kila siku kwa miezi, mengine atalia na utatamani kumwachia, usimwachie. Kovu jipya lifunike jua lisiwe jeusi. Kama nyumbani ni mbali na kliniki, ukiwa Arusha ulizia The Plaster House, ni nyumba ya watoto wanaopona baada ya oparesheni kama hizi. Na kama hela ndo shida, kabla hujakata tamaa ona ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, KCMC au kwingine, waeleze hali halisi.

SWALI: Dokta, baba yangu aliungua mguu zamani akiwa kijana, kovu likapona. Sasa nyuma ya goti pamechanika kidonda, miezi inapita hakifungi, kingo zimetutumka. Tunaweka unga wa dawa tu. (Kijana wa Ngaramtoni, Arusha)

JIBU: Acheni huo unga, mpelekeni hospitali wiki hii. Kovu la moto la miaka mingi linaweza kugeuka saratani, hasa pale linapovutika na kuchanika kila akinyoosha goti, na kidonda cha miezi chenye kingo zilizotutumka lazima kikatwe kinyama kikapimwe. Kinaweza kisiwe saratani, ila bila kipimo hakuna wa kuwaambia. Daktari apapase na mitoki ya kinena. Kikiwa salama, kovu linafunguliwa na kuwekewa flapu goti linyooke, lakini kipimo kwanza, msikubali kushonewa kabla ya majibu.