Wenzangu wote wamesaini, mimi bado

Maswali ya Wasomaji, na Mama Mwalimu, Moshi

SWALI: Shikamoo Mama Mwalimu. Mimi ni muongoza wageni Mlima Kilimanjaro, huu ni mwaka wangu wa 11. Safari iliyopita tulipandia njia ya Machame. Langoni mizigo ilipimwa, kila mgumu, yaani mbeba mizigo, kilo 20, tukapita. Tulipoingia msituni, wagumu wawili wakarudishwa nyumbani ili wasilipwe siku zote, mizigo yao ikagawiwa waliobaki. Kijana mmoja wa Uru nilimwongezea mtungi wa gesi kwa mikono yangu. Tulipofika kambi ya Shira akaanza kukohoa, nikamwambia ajikaze. Kambi ya Barafu hakuweza kusimama. Tulimshusha kwa machela, akafariki kabla hatujafika Mweka.

Sasa bosi ameandaa maelezo kwamba marehemu alikuja na ugonjwa akauficha, na kwamba hakuna mzigo uliozidi. Wenzangu wote wamesaini. Mimi nimepewa hadi Ijumaa. Huyu bosi ndiye aliyenilipia kozi ya kuongoza wageni, na ni mzee wa kanisa usharikani kwetu. Nikikataa sitapangiwa safari, na wenye kampuni wanaambiana. Nina watoto watatu shuleni. Je, nikisema kweli Mungu atailinda kazi yangu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, maana huo ni msiba wako pia. Barua yako nimeisoma usiku, nikairudia alfajiri kabla sijawasha jiko.

Kuhusu kazi, siwezi kukuahidi. Wapo watakaokuambia sema kweli na Bwana atakufungulia mlango mkubwa zaidi. Mimi sitakuambia hivyo, kwa sababu najua yaliyonipata.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya bweni, zamu ya stoo ikiwa yangu. Yakishushwa magunia 28 ya unga, hati ilisema 40, na chini palikuwa na nafasi ya sahihi yangu. Nilisaini mara ya kwanza. Nikasaini na mara ya pili. Mara ya tatu msichana wa Kidato cha Kwanza alikuwa ameanguka mstarini asubuhi ile kwa njaa, na kalamu ikanishinda. Wiki mbili baadaye nikapewa uhamisho katikati ya muhula, safari ya siku mbili kwa basi. Mwanangu wa miaka miwili nilimwacha kwa bibi yake Kibosho. Niliporudi likizo alimwita bibi yake mama, na mimi akanificha uso. Mkuu wa shule alibaki na kiti chake mpaka akastaafu. Sijawahi kurudishiwa ile miaka, na bado ningekataa kusaini.

Soma 1 Wafalme 22 usiku wa leo. Mfalme Ahabu ana manabii kama 400, wote wanamwambia apande vitani atashinda. Mjumbe anayetumwa kumwita nabii mwingine, Mikaya, anamsihi njiani neno lake lifanane na la wenzake. Sikiliza sasa jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka: Mikaya alipofika mbele ya mfalme, kwanza alisema lilelile la wenzake. Panda, ufanikiwe. Mfalme mwenyewe ndiye aliyemwapisha aseme kweli, ndipo akaisema. Akafungwa, akapewa chakula cha shida na maji ya shida. Ahabu alikufa vitani kama ilivyosemwa, lakini Biblia haituambii kama kuna aliyekwenda kumfungulia Mikaya. Nimelitafuta hilo miaka mingi, halipo. Ninampenda Mikaya kwa sababu hiyo. Kweli yake ilikuwa kweli hata akiwa gerezani.

Nakumbuka pia Februari 1977, nikiwa Kidato cha Pili, habari zilipotufikia kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda ameuawa. Yeye na maaskofu wenzake walikuwa wamemwandikia Idi Amin barua kuhusu watu waliokuwa wakiuawa na kupotea. Serikali ikatangaza kuwa amekufa kwa ajali ya gari. Baba yangu, ambaye hakuwa msemaji, alizima redio akasema, "Hata kifo chake wamekidanganyia." Neno hilo limenirudia nilipofika mahali ulipoandika kwamba kijana aliuficha ugonjwa. Amekwisha kufa, na sasa anatakiwa abebe na lawama, mzigo mwingine juu ya ule wa gesi.

Kwa hiyo usisaini. Ila kukataa ni nusu tu ya kazi, na ndiyo nusu nyepesi.

Andika maelezo yako mwenyewe kwa mkono wako. Anza na mtungi. Usianze na bosi. Andika kwamba wewe ndiye uliyeuweka juu ya mzigo wa marehemu, na kwamba alipokohoa Shira ulimwambia ajikaze, wakati kama kiongozi wa safari ulipaswa kumshusha. Najua hilo linauma kuliko kupoteza safari. Lakini ukiandika makosa ya bosi ukaruka ya kwako, utakuwa umetunga karatasi ya pili ya uongo, na wenzako waliosaini watakuwa wa kwanza kukuumbua. Mfalme Daudi alipoelezwa na nabii Nathani habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake, aliwaka hasira juu ya tajiri yule. Ilibidi aambiwe, "Wewe ndiwe mtu huyo."

Kisha andika ulichoona, ukomee hapo: mizani ya langoni, waliorudishwa, mahali mizigo ilipogawiwa, siku kikohozi kilipoanza, saa mlipoanza kumshusha. Usiandike kwamba mzigo ndio uliomuua. Hilo ni la daktari. Weka tarehe, saini, toa nakala mbili, moja ibaki kwa mtu usiyefanya naye kazi. Ukienda kwa bosi nenda na mchungaji wenu au mzee mwingine wa usharika, umwambie ana kwa ana kabla hujaipeleka kwa wahifadhi na polisi. Mshukuru kwa kozi, na uimaanishe shukrani hiyo. Alikusomesha uongoze watu mlimani washuke salama. Hiyo ada hailipwi kwa sahihi ya Ijumaa.

Mkeo mwambie leo, si Ijumaa jioni. Yeye ndiye atakayehesabu ada na unga nawe msimu ukifika bila safari, na ana haki ya kulia mapema. Mwenzangu mmoja aliniambia zamani kwamba niliamua peke yangu nikawatesa watu wawili, na alikuwa sahihi.

Halafu Uru, kwa mama wa marehemu. Nenda kabla ya kwenda ofisini. Beba sukari na mchele kama wanavyofanya watu, kaa pale utakapoonyeshwa, na mwache azungumze juu ya mwanawe mpaka amalize. Akikuuliza alikuwaje siku zile za mwisho, mwambie kuhusu mtungi.