Dodoma mvua, Kilimanjaro joto
Kaka umeuliza kama mabadiliko ya tabianchi yanawapiga wakulima wote sawa, hapana aisee, inategemea uko wapi. Dodoma msimu wa mvua ni mmoja tu, sasa ikikata Februari mahindi yakiwa ndo yanatoa mbelewele basi tena, unavuna mabua, wakati jirani aliyepanda mtama au uwele anapata chochote, na inaniuma sana mtu kuitwa mvivu kumbe ni mvua. Kilimanjaro shida ni joto, hasa la usiku, kahawa ya arabika inataka ubaridi, joto likizidi mavuno yanashuka na wale wadudu wanaotoboa buni wanapanda mpaka mashamba ya juu, na mkulima hawezi kuhamia juu zaidi maana huko ni hifadhi.