Busia hadi Namugongo kwa miguu: njiani kuna nini cha kuona?

Mkuu, umeuliza kama kutembea kutoka Busia mpakani hadi Namugongo, karibu na Kampala, kuna cha maana zaidi ya lami na malori, au mtu apande basi tu awahi misa ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Mimi ni Mtanzania, kazi ilinipeleka Kisumu, nikaungana na wanaparokia wa magharibi mwa Kenya waliokuwa wanakwenda kuhiji. Jibu langu ni tembea. Wa basi wanashukia mwisho wa hadithi, na hadithi yenyewe ilianzia kwenye barabara hiyo ya mashariki.

Watu wa ufalme wa Buganda zamani waliihesabu Busoga, jirani yao wa mashariki, kuwa mlango wa nyuma. Mgeni alitakiwa aingie kwa kusini, kupitia Ziwa Victoria, na kulikuwa na utabiri kwamba watakaoiteka Buganda watatokea mashariki. Sasa mwaka 1885, wakati Wajerumani wameshaanza kujitwalia ardhi huku kwetu Tanganyika na hofu imetanda, Askofu James Hannington wa Anglikana akatoka Rabai, karibu na Mombasa, akapita Mumias, magharibi mwa Kenya, akaingia kwa mlango huo huo. Akashikiliwa kwa chifu Luba huko Busoga, na tarehe 29 Oktoba akauawa kwa amri ya Mwanga, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, yeye na wapagazi wake, wakanusurika wachache. Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkristo na mtumishi mkubwa wa ikulu, alipomlaumu Kabaka kwa damu ile, naye akauawa Novemba. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Karoli Lwanga na wenzake, Wakristo ambao leo tunawaita Mashahidi wa Uganda. Kwa hiyo unapokanyaga lami ya Bugiri, mji wa Busoga baada ya Busia, ujue unatembea upande uliokuwa mwiko.

Mumias usiipite hivi hivi. Mifupa ya Hannington ilizikwa hapo kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamishiwa Namirembe, Kampala, mwaka 1892. Kwenye kundi letu kulikuwa na watu waliokulia pale na hawajawahi kulisikia hilo.

Mpakani ni rahisi. Mkenya anapita na kitambulisho. Sisi wengine beba pasipoti na kadi ya homa ya manjano, ubadilishe na hela kidogo ya kuanzia.

Baada ya hapo ndipo miguu inaanza kusema. Tulikuwa na mama mmoja mzoefu wa safari hizi. Kila jioni alichemsha maji ya chumvi, akachukua sindano yenye uzi, akaitoboa lengelenge upande huu na kuitokeza upande wa pili, kisha akakata uzi na kuuacha humo humo ndani ili maji yajitoe taratibu usiku. Asubuhi ngozi imelala, unavaa soksi unaondoka. Vijana waliomcheka siku ya kwanza ndio waliopanga foleni siku ya tatu. Viatu njoo na raba ulizozizoea. Wapo wanaotembea na akala, viatu vya tairi, na wanafika salama, lakini hao wamezivaa tangu utoto.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni wenyeji. Karibu na Iganga, ambako Waislamu ni wengi, mzee mwenye kofia na kanzu alikuwa ameweka ndoo ya maji ya kunywa na vikombe nje ya duka lake, anawaita mahujaji waje wanywe, na bei hakuna. Usiku mwingine tulilala kwenye sakafu ya kanisa la Anglikana, mikeka imetandikwa tayari. Rozari ilisaliwa humo humo na hakuna aliyekunja uso. Ila Kiswahili chako usikitegemee sana ukishaingia Buganda. Wazee wengi wanakihusisha na wanajeshi. Jifunze salamu zao, watu wanakufungukia.

Tulipopumzika Iganga, watatu wetu tulichukua boda hadi Kyando, upande wa Mayuge, alikouawa Hannington. Ni mbali na barabara kuu na wengi hawaendi. Mimi pale niliwawaza zaidi wale wapagazi. Askofu tunamjua kwa jina na tarehe. Wao walitembea umbali ule ule, na mizigo kichwani, na sijawahi kusikia hata mmoja akitajwa kwenye mahubiri.

Kabla ya Jinja kuna mashamba ya miwa ya Kakira, kisha Mto Nile. Penye chanzo cha mto utakuta sanamu ya Gandhi: sehemu ya majivu yake ilitawanywa hapo mwaka 1948. Simu iache mfukoni ukikaribia bwawa na daraja, askari hawataki picha. Msitu wa Mabira ndio kipande nilichokipenda, baridi na nyani barabarani, lakini bega la barabara ni jembamba na malori hayana huruma. Piteni mchana, kwa mstari mmoja. Ukitoka huko utafika Namawojjolo, ambako wauza kuku wa kuchoma na gonja, ndizi za kuchoma, wanakimbilia kila gari. Mtembea kwa miguu wanamwacha achague kwa nafasi, faida mojawapo ya kutopanda basi.

Namugongo yenyewe umeiona kwenye televisheni: basilika lenye umbo la msonge na nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Altare imewekwa mahali Lwanga alipochomwa. Ambacho kamera hazioneshi ni kwamba eneo la Waanglikana, wanaowakumbuka wao 23, liko jirani tu, na kuna pia msikiti wa kumbukumbu ya Waislamu waliouawa enzi za Kabaka Mutesa wa Kwanza, miaka ya 1870, kabla ya Wakristo. Pitia kote kutatu, hata kama kundi lako lina haraka ya kujaza madumu ya maji kwenye ziwa dogo la hapo hapo Namugongo.

Na ukiwa na siku ya ziada, nenda Munyonyo, mashahidi walikohukumiwa kabla ya kuswagwa kwa miguu hadi Namugongo. Kurudi, usijaribu tarehe 3 jioni, magari hayasogei. Lala, uondoke tarehe 4 alfajiri, na nauli ya basi iweke pembeni tangu Busia.