Bati au vigae kwa nyumba ya Ihumwa?

Dada, umeuliza nyumba yako ya vyumba vitatu Ihumwa, hapa Dodoma, uipaue kwa bati au vigae, maana umeambiwa bati litakuchoma. Mimi nakushauri bati.

Vigae ni vizito, vinadai kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) imara na mbao nyingi. Bati ni jepesi, na fundi mzoefu anamaliza mapema.

Lakini kubwa zaidi kwetu Dodoma ni kukinga maji ya mvua. Mvua tunaipata Desemba hadi Aprili, basi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba likinyeshewa milimita 20 jioni moja, ni karibu lita 2,000, ukitoa kidogo zinazorukia nje. Weka gata (mfereji wa kukinga maji ya paa) na tanki tangu mwanzo, dada yangu, usisubiri uhamie. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi la paa, maji yake yasiingie tankini.

Joto ni kweli lipo. Chagua rangi isiyokolea, piga dari, acha matundu ya hewa kwenye gebo (ukuta wa pembetatu chini ya paa). Kwangu kabla ya dari, saa nane mchana chumbani hapakaliki. Sasa watoto wanalala humo.

Geji, yaani kipimo cha unene wa bati, nayo iangalie: 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Upepo wa huku hauchezewi, chukua 28 ukiweza. Misumari iwe na mpira, ipigwe juu ya mgongo wa bati. Kwangu fundi alipiga bondeni, na kila tundu likavuja.