Jibu la swali la wiki: Jazi imewapa wana wetu zamu

Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: "Wanafunzi wa Pwani wana haja gani ya kupiga jazi, ilhali taarabu na ngoma za kwao zinakosa warithi?" Nililisoma swali hilo mara tatu nikiwa kwenye mashua kutoka Mokowe, na tulipofika gatini Lamu nilikuwa nimeshaamua kujibu. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya upili hapa kisiwani, na ndiye mlezi wa kikundi cha wanafunzi wanaopiga jazi. Ala sipigi hata moja. Nilipewa ulezi kwa kuwa hatukuwa na mwalimu wa muziki, nami nilikuwa na alasiri mbili za wiki zisizo na kazi. Ni miaka minne sasa, na alasiri hizo mbili ndizo ninazozingojea kuliko zote.

Jibu langu ni hili: jazi inampa mwanafunzi zamu, na inampa mapema.

Nimekulia Langoni, katika nyumba ambayo taarabu haikuzimwa redioni. Naipenda na nitazikwa nikiipenda. Lakini katika taarabu niliyoizoea, fidla na kodiani hufuata njia moja ya wimbo, na kijana anayejifunza huketi nyuma akiwafuata wakubwa. Taksimu, ule mpigo wa peke yake wa kufungulia wimbo, ni ya fundi. Mwanafunzi aliyeshika ala juzi hathubutu. Atangoja miaka, na siku hizi watoto wetu hawana hiyo miaka: akimaliza kidato cha nne anakwenda Mombasa au Nairobi kutafuta riziki, na ala inabaki ukutani.

Sasa tazama tunavyofanya sisi. Mtindo wa kwanza walioujua ni bluzi ya vipimo 12. Kila kipimo kina mapigo manne, kwa hiyo mzunguko mmoja ni mapigo 48. Hapo ndipo hesabu zangu zilipopata kazi. Wimbo wenyewe hupigwa na wote pamoja, kisha mzunguko ule ule unaendelea chini kwa besi, kinanda na dramu, na juu yake kila mmoja anapata mzunguko wake wa kusema alilonalo moyoni. Akimaliza, anampokeza mwenzake. Sauti za chini hazibadiliki ovyo. Kipimo cha 5 zinahama, cha 7 zinarudi nyumbani, cha 9 zinahama mbali zaidi, na cha 11 zimesharudi tena. Mtoto aliyejifunza miezi sita tu anaweza kusimama hapo na sauti tatu alizozimudu, akawa na lake la kusema, na wenzake wote wakafanya kazi ya kumbeba.

Wako saba: saksafoni mbili, tarumbeta, kinanda, gitaa la besi, dramu, na udi ambao nitaueleza. Wasichana ni watatu. Tunaanza baada ya swala ya alasiri na tunafunga kabla ya magharibi. Ramadhani hatupigi kabisa. Hayo tuliyapatana na wazazi mwanzoni, katika kikao kirefu ambacho wengine waliingia na wasiwasi wao wa dini nami nikawasikiliza kwa heshima, maana ni wasiwasi wa kweli katika mji wetu. Baba mmoja alikuja mazoezini akaketi karibu na mlango bila kusema neno, mara tatu mfululizo. Mara ya nne hakuja, na binti yake alikuja. Sikumwuliza kitu.

Nataka niwaeleze jioni moja, kwa sababu bila hiyo maneno yangu ni matupu.

Ilikuwa Aprili 30, tarehe ambayo UNESCO iliiteua kuwa Siku ya Kimataifa ya Jazi. Tulipata nafasi ya kupiga uani mwa Ngome ya Lamu, ile iliyojengwa kati ya 1813 na 1821 na ambayo ilikuwa jela hadi 1984. Walikuja wazazi, majirani, mabaharia waliokuwa wakipita uwanja wa Mkunguni, na watoto wengi kuliko viti. Zamu ya tatu ilikuwa ya mpiga tarumbeta, mtoto wa fundi wa majahazi wa Matondoni, kijana mpole ambaye darasani kwangu hanyoshi mkono hata jibu akilijua.

Alianza vizuri. Vipimo vinne vya kwanza vilitoka safi. Kilipofika kipimo cha 5, sauti za chini zikahama, yeye akabaki alipokuwa. Akasikia kwamba hazipatani, akaondoa tarumbeta mdomoni. Akasimama tu. Mimi nilikuwa safu ya pili nikihesabu kwa vidole ndani ya buibui: cha 6, cha 7. Msichana wa besi hakumtazama wala hakupunguza mwendo, aliendelea kutembeza sauti zake pigo kwa pigo. Mpiga saksafoni, ambaye angeweza kuirukia nafasi ile na kuijaza, na nina hakika alikuwa na la kuijazia, aliishusha saksafoni yake hadi kiunoni, ili mwenzake aone kwamba hakuna anayemnyang'anya. Kipimo cha 9, kijana wa kinanda akabonyeza mabadiliko kwa nguvu kuliko kawaida, mara moja, apate kujua tuko wapi. Cha 10. Cha 11, tarumbeta ikarudi mdomoni. Ilitoa sauti mbili tu na mzunguko ukaisha. Na mpiga dramu akazijibu zile mbili kwa vijiti, mbili kwa mbili, kisha ndipo akampokeza anayefuata.

Watu walipiga makofi. Sidhani wengi walijua lililotokea. Lakini mzee mmoja, aliyepiga udi kwenye harusi za mji huu nilipokuwa msichana, alinifuata nje baadaye.

"Maalim, yule mwana alipotea."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Wakamwekea mahali pake mpaka akarudi." Akanyamaza kidogo. "Sisi tungemfokea."

Wiki iliyofuata kijana yule alinyosha mkono darasani. Jibu lake lilikuwa na kosa, tukalisahihisha pamoja ubaoni.

Sasa nije kwenye sehemu ya pili ya swali lenu, ya ugeni. Jazi ilizaliwa New Orleans, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa watu weusi ambao wazee wao walikuwa watumwa, na sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa utumwa ni nini. Jina lenyewe lilifika kwetu zamani. Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932, Morogoro Jazz ikafuata 1944, Tanga ikawa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na Nyanza, huku Kenya, ikawa na Shirati Jazz. Kweli, muziki wao ulikuwa rumba na dansi kuliko jazi ya Wamarekani, lakini neno lile lilibeba maana ya vijana waliokutana na ala zao wakapiga kitu kipya. Mbaraka Mwinshehe, aliyevuma na Morogoro Jazz, alifia huku huku Pwani yetu, ajalini karibu na Mombasa, 1979. Na nani mkazi wa Malindi au Kilifi hajasikia saksafoni ya muziki wa bango kwenye harusi? Mzee Joseph Ngala aliipuliza ala hiyo ya Mbelgiji Adolphe Sax mpaka ikawa inasema Kimijikenda. Hakuna anayemwambia mtu wa Rabai kwamba bango si yake.

Kuhusu udi. Msichana mmoja alikuja mazoezini kusikiliza tu, akimsindikiza rafiki yake. Nilikuwa nikieleza, kwa maneno niliyoyapata kwa kijana wa Mombasa anayekuja kutufundisha mara moja kwa muhula, kwamba katika bluzi kuna sauti zisizokuwemo kwenye kinanda: ziko baina ya kibonye na kibonye. Mpiga saksafoni anazipata kwa kulegeza midomo. Mpiga kinanda hana njia ila kugusa vibonye viwili vilivyopakana kwa pamoja, na bado hazifiki. Msichana yule akasema kwa sauti ndogo, "Lakini kwenye bayati zimo." Sote tukamgeukia. Bayati ni moja ya mipangilio ya sauti ya Kiarabu, kama ilivyo rasti. Babu yake alikuwa mpigaji. Udi wake umening'inia sebuleni kwao, na kabla hajafa alikuwa amemwonyesha mjukuu mahali pa kidole kwa bayati na kwa rasti. Shingo ya udi ni laini, haina vyuma vinavyoigawa kama gitaa, kwa hiyo kidole kinaitafuta sauti mpaka kinaikuta. Nilimwomba aulete. Nyuzi zilikuwa zimeliwa na kutu, ikabidi tuagize nyingine. Siku ya kwanza alipopata zamu alipiga ile sauti ya baina, akaishikilia, na kijana wa kinanda akaondoa mikono kwenye vibonye kabisa.

Baadaye nilisoma kwamba Ahmed Abdul-Malik, mpiga besi aliyekuwa na mpiga kinanda wa jazi Thelonious Monk katika miaka ya 1950, alirekodi jazi kwa udi pia. Nilimwambia msichana yule. Aliniuliza kama mtu huyo alijua kupiga bayati. Huyu ni mtoto wa mji aliozaliwa Zein l'Abdin, yule fundi wa udi na taarabu, na udi wa nyumbani kwao ulikuwa umekaa bila kuguswa tangu babu alipofariki. Hamkuuliza kuhusu udi huo, lakini mimi nadhani ndio mliokuwa mkiuulizia.

Sitaficha kwamba ni kazi ngumu. Hewa ya bahari haina huruma na ala. Spiringi ndogo za saksafoni zinashika kutu, na zile ngozi zinazoziba matundu zinavimba msimu wa mvua mpaka sauti zinavuja. Kila jioni tunafuta kwa khanga kuukuu, tunalaza ala kwenye masanduku yake juu ya meza, si chini. Ulimi wa saksafoni ni kipande cha tete tu, lakini kikivunjika hapa hukipati dukani. Fundi wa karibu yuko Mombasa, zaidi ya kilomita 300. Ukumbi tuliouomba mwaka wa kwanza tulinyimwa. Aliyenijibu aliniambia kelele za vijana zinatosha mjini. Nilirudi nyumbani kwa miguu kupitia njia za ndani ili nisikutane na mtu.

Ilobaki ni ya dramu, na hii inanihusu nyumbani kwangu.

Kijana wetu wa dramu amelelewa kwenye matari. Mfungo Sita ukifika, utamkuta katika safu za vijana kwenye Maulidi ya Riyadha, na hapo haoni haja ya kuhesabu. Lakini kwenye jazi alikuwa akitusumbua. Mpiga dramu wa jazi huligawa kila pigo vipande vitatu, akagusa cha kwanza na cha tatu kwenye sahani ya shaba, na hapo ndipo muziki unapoyumba. Yeye alikuwa akivigawa sawasawa, viwili viwili, na muziki ukawa kama gwaride. Tulimwekea rekodi, tukamwandikia ubaoni, nikamchorea hata sehemu za namba. Wapi.

Siku moja nilikuja nyumbani nikiwa na sauti ya mazoezi kwenye simu. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka akisuka ukili. Yeye alikuwa mpiga vugo, miongoni mwa wanawake waliokuwa wakiongoza bibi harusi mitaani kwa pembe za nyati na vijiti. Alisikiliza bila kuinua kichwa, kisha akasema, "Huyo anapiga kama anayekimbizwa. Mwambie chakacha anaijua?" Nikamwambia bila shaka anaijua, nani hapa asiyeijua. "Basi aipige hiyo hiyo, aipunguze."

Nilimpelekea kijana maneno hayo kama yalivyo. Akakaa akatikisa mguu kwanza, akaihesabu chakacha kwa tatu tatu kama inavyochezwa, kisha akaiweka juu ya sahani polepole. Besi ikaingia. Saksafoni zote mbili ziligeuka kumtazama kwa wakati mmoja.

Tangu siku hiyo anakuja kwetu Ijumaa baada ya swala, anabisha hodi, anamwamkia mama "shikamoo bibi", anaketi chini ya ngazi. Pembe mama hajampa na hatampa, vugo ni la wanawake. Anamfundisha kwa viganja, mama akipiga paja lake mwenyewe na kijana akipiga sakafu, na kijana akikosea mama anamsimamisha na kumrudisha mwanzo. Juzi alimwuliza mama kwa nini hakuna msichana anayekuja kujifunza pembe zenyewe. Mama akaniangalia mimi. Jumanne nitawauliza wale wasichana wetu watatu.