Taa za Ziada kwa Njia ya Vumbi

Ndugu, kwa kuwa umeeleza kwamba Land Cruiser yako hupita usiku katika njia ya vumbi kati ya Mto wa Mbu na Ziwa Natron, nakushauri usianze na taa za juu ya paa, ambazo mwanga wake hurudishwa machoni na vumbi na kumulika boneti. Funga kwanza mbili za mwanga mpana kwenye bampa. Za mwanga wa mbali zinaweza kusubiri. Jozi ya taa za halojeni (balbu za waya wa moto) za wati 55 kila moja huvuta takriban ampea 9 kwenye betri ya volti 12, hivyo rilei (kifaa kinachobeba mkondo mkubwa badala ya swichi) na fyuzi ya ampea 15 ni lazima, na fundi atakayetaka kuziunganisha moja kwa moja kwenye swichi, mkatae. Zizime kila unapokutana na gari jingine.